Mjadala: Chakula kisipokupendeza, urudishiwe hela?

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana Jumamosi iliyopita nimelishuhudia likichafua hali ya hewa mgahawani Kariakoo, na mpaka leo halijanitoka moyoni.

Dada mmoja aliagiza juisi ya ukwaju, shilingi 3,000. Akanywa kama robo glasi, akakunja uso, akamwita mhudumu: "Hii kali mno, siiwezi. Nirudishie hela yangu." Mhudumu, binti mdogo tu, akamjibu kwa upole kwamba ukwaju ndivyo ulivyo, labda amwongezee sukari. Dada hakutaka. Sauti zikapanda. Meza ya jirani wakamuunga mkono, mteja ni mfalme. Meza nyingine wakamjia juu, kwamba hajui ukwaju ni mchachu? Mwenye mgahawa akafungua droo, akampa 3,000 yake bila neno. Halafu akamgeukia yule binti na kumwambia kwa sauti ya chini, ila mimi nilikuwa karibu nikasikia: "Hiyo ni yako. Nitaikata jioni."

Chakula changu sikukimaliza.

Sasa swali. Mtu amenunua chakula au kinywaji, ni salama, ni kile kile alichoagiza, ila hakikumpendeza. Ana haki ya kudai hela? Na ikirudishwa, nani anaibeba hasara hiyo?

Msimamo wangu nausema mapema ili anayetaka kunipinga anipinge vizuri. Kutopenda ladha hakukupi haki ya kurudishiwa hela. Kasoro inakupa, tena haki kamili, na usiione aibu kuidai. Na kwa hali yoyote ile, mhudumu asilipe.

Nasema hivi kwa sababu nimefanya kazi ya uhudumu miaka minne hapa hapa Dar. Nilikuwa nalipwa 7,000 kwa siku. Siku moja akaja mzee mmoja na wageni wake, wote wametoka bara, akaagiza samaki wa kupaka wa 18,000. Nikamletea: changu mzima, amechomwa, amepakwa tui zito mpaka linang'aa, ndimu pembeni. Akala ubavu mmoja wote. Kisha akaniita. "Kijana, mimi niliomba samaki wa kuchoma. Hii nazi nimeiomba saa ngapi?" Nikamweleza kwamba kupaka maana yake ndiyo hiyo. Akasema hakujua, na asichokijua halipi. Bosi akamsamehe ili asipoteze meza ya watu sita, na 18,000 ikakatwa kwangu. Siku mbili na nusu za kusimama, kwa samaki aliyebaki ubavu mmoja.

Nimelifikiria sana tukio lile. Yule mzee hakuwa tapeli. Kosa langu mimi lilikuwa kutomuuliza, "Mzee, unamfahamu samaki wa kupaka? Anakuja na tui la nazi." Sentensi moja tu. Lakini kosa la kutouliza lina ukubwa gani? Onyo, labda. Siku mbili na nusu za jasho, hapana.

Na ukiangalia vizuri, watu wetu walishalimaliza jambo hili zamani bila kuandika popote. Muuza tikiti anachonga pembe tatu kwa kisu, anakupa uonje kabla hujachukua. Muuza madafu anakuuliza unataka lenye nyama laini au gumu, kisha ndipo panga linashuka. Baa, mhudumu anakuuliza, "Ya baridi au ya moto?" na chupa anaifungulia mbele yako, kwa sababu kizibo kikishatoka hakuna kurudi nyuma. Nyama choma unaichagua mwenyewe inaning'inia, inapimwa kwenye mzani ukiona, ndiyo iende kwenye moto. Kote huko mteja amepewa nafasi ya kuamua kabla hasara haijaanza. Ukishaamua, umeamua. Juisi ya ukwaju ilishindikana nini kuonjeshwa vijiko viwili?

Upande wa sheria niseme kidogo. Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na chombo chake ni Tume ya Ushindani, FCC. Lugha yetu ya sheria inamwita kila mnunuzi "mlaji". Ukinunua bati wewe ni mlaji, ukinunua pasi ya umeme wewe ni mlaji. Neno hilo nalipenda sana, ila linatuchanganya tukifika kwenye sahani. Sheria inamkataza muuzaji kumpotosha mlaji, na inataka kilichouzwa kiwe na ubora na kifae kwa kazi yake. Wakenya wao wameliweka ndani ya Katiba ya 2010, ibara ya 46: bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, na fidia kwa hasara au madhara yatokanayo na kasoro. Kasoro. Ibara hiyo haina neno kuhusu mtu ambaye ulimi wake haukufurahi.

Karibuni.

* * *

Nimerudi. Nimesoma michango yote, asanteni, hata mlioniita mtetezi wa matajiri. Nijibu mitatu iliyonigusa.

Wa kwanza anasema: "Wenye migahawa wanajificha humo humo. Ukilalamika chakula kibovu wanakwambia ni suala la ladha yako." Huyu amenishika pabaya, na nakiri sikulieleza. Mpaka kati ya ladha na kasoro upo wapi? Wali ukiwa na mawe, kasoro. Maharage yakichacha, kasoro. Kuku akitoa damu mfupani, hilo hata mjadala halina, ni afya ya mtu. Pilipili kali kwenye sahani iliyoandikwa pilipili, ladha. Lakini chumvi je? Chumvi ndiyo kesi ngumu, kwa sababu kila mtu ana kipimo chake.

Pale nilipofanya kazi kulikuwa na mama mpishi, mtu mzima, tulimwita Bibi. Sahani ikirudi, hakubishana na mtu. Alichukua kijiko chake mwenyewe, akaonja kwenye sufuria, kamwe si kwenye sahani, maana alisema sahani mteja keshatia mkono. Akiridhika, anakuja mwenyewe mpaka mezani, anafuta mikono kwenye kanga: "Mwanangu, chumvi yetu ndiyo hiyo, nikukamulie ndimu ipungue?" Wengi walikubali. Siku moja yalirudi maharage, saa saba na nusu mchana, mgahawa umejaa. Akaonja. Akatema kwenye kiganja. "Yamechacha." Akabeba sufuria nzima, ilikuwa haijafika hata nusu, akaimwaga nyuma, na akatutuma tuzunguke meza zote zilizopewa maharage tukawaombe radhi. Bosi alifoka mpaka jioni. Watu wale wengine walikuwa wanakula kimya kimya, wameshahisi uchachu, hakuna aliyesema. Mmoja tu ndiye alisema, na mdomo wake ukawaokoa wengine.

Kwa hiyo jibu langu kwa ndugu huyu ni kijiko cha mpishi. Mpishi aonje mbele yako au jikoni, aseme kwa dhamiri yake kama hiyo ndiyo kawaida ya chungu chake. Akidanganya? Atadanganya mara mbili tatu, ila mtaa utamjua. Hapo sina dawa nyingine, nasema ukweli.

Wa pili ameleta dini: kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwahi kukitia aibu chakula, akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha, kwa hiyo Muislamu anayerudisha sahani amekosa adabu. Hadithi hiyo ni sahihi na mimi nimelelewa nayo. Lakini ndugu yangu, isome pamoja na ile nyingine: alipopita sokoni akaingiza mkono kwenye lundo la nafaka, akakuta ndani kumelowa, akamuuliza muuzaji kwa nini hakuweka kilicholowa juu watu wakione, kisha akasema anayeghushi si katika sisi. Ya kwanza inamhusu anayekula, ya pili inamhusu anayeuza. Asiyependa ukwaju, auache kwenye glasi, asiutukane, na asimdai mtu. Aliyeuziwa kilichochacha anayo khiari ya kurudisha, na mafakihi, wanazuoni wa sheria ya dini, wameieleza kwa kirefu katika milango ya biashara. Nadhani hadithi hizi mbili zinakaa mahali pale pale niliposimama mimi.

Wa tatu ni mwanasheria, au anasomea. Ameikumbusha ile kesi ya konokono, na namshukuru kwa sababu inanisaidia. Kwa wasioijua: mama mmoja wa Uskoti, May Donoghue, tarehe 26 Agosti 1928, rafiki yake alimnunulia kinywaji cha tangawizi mkahawani mjini Paisley. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, haionyeshi ndani. Amekunywa sehemu, kilichobaki kikamiminwa, na kwa madai yake akaelea konokono aliyeoza. Alidai pauni 500 kutoka kwa mtengenezaji, na mwaka 1932 waamuzi wa juu kabisa wa Uingereza, waliokaa katika Bunge la Malodi, wakasema mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji, hata kama mnywaji siye aliyelipa. Sheria zetu zimekulia kwenye mti huo huo. Sasa tazameni mama yule alimshtaki nani. Alikwenda kwa aliyejaza chupa, kwa sababu yeye ndiye angeweza kuzuia konokono asiingie. Mhudumu aliyeibeba kwenye sinia angefanya nini na kioo cheusi?

Hiyo ndiyo hoja ambayo michango mingi imeipita. Tumebishana juu ya mteja na mwenye mgahawa kurasa nzima, na binti wa Kariakoo tumemsahau. Mwenye biashara ana uhuru wa kumrudishia hela mteja aliyekunja uso tu, akitaka. Ni ukarimu, na ukarimu unaleta wateja. Ila ukarimu unatoka kwenye droo yako. Ukiutoa kwenye posho ya mtu anayelipwa kwa siku, umemfanyia wema mteja kwa mali ya mwingine.

Ninyi wateja nanyi, mkitaka kudai, daini baada ya tonge la kwanza au la pili, sahani ingali nzima. Usile mpaka ukafika kwenye mfupa ndipo ukumbuke haki zako. Na kabla hujadai, muulize mhudumu taratibu, "Hii nikiirudisha, itakatwa kwako?" Mimi siku hizi nauliza. Mara nyingi wanatazama kaunta kwanza kabla ya kujibu.

Nimeona humu kuna wenye migahawa wasiopungua wanne, mmesema mengi kuhusu wateja wasumbufu. Hili bado hamjaligusa, na ndilo nililolileta: sahani ikirudi jikoni kwenu, jioni inaandikwa kwenye daftari la nani?