Angola 1975–1988: Wakuba kulinda mafuta ya Wamarekani, imekaaje?

Nyangumi: Wakuu, kati ya makundi matatu yaliyopigania utawala wa Angola, MPLA ilibebwa na Wasovieti na Wakuba, FNLA na UNITA zilibebwa na Marekani. Sasa mbona wanajeshi wa Cuba walilinda mitambo ya Gulf Oil, kampuni ya mafuta ya Marekani, kule Cabinda, jimbo la Angola? Na nyuklia inaingiaje hapo?

Mzee wa Ramani: Fuata hela, mkuu. Gulf ilichimba, ikalipa kodi na mrabaha kwa serikali ya MPLA pale Luanda, nayo ikagharamia vita. Mei 1985 makomandoo wa Afrika Kusini, iliyokuwa upande wa UNITA, walinaswa Cabinda wakienda kulipua mitambo hiyo hiyo. Wawili waliuawa, kapteni wao akakamatwa akiwa hai. Silaha za CIA, kwa upande wake, zilipitia kwa Mobutu, rais wa Zaire (leo DRC). Bunge la Marekani lilizizuia 1976 kwa sheria ya Clark, likaifuta 1985, na mwaka uliofuata UNITA ikaanza kupata makombora ya kudungua ndege aina ya Stinger kupitia Kamina, Katanga, huko huko Zaire. Kombora hilo hubebwa begani na hufuata joto la injini. Rubani anayelikwepa hupanda juu, na akiwa juu mabomu yake hukosa shabaha.

Kobe: Msisahau mapigano ya Quifangondo, nje ya Luanda, 10 Novemba 1975. Holden Roberto, kiongozi wa FNLA, alitaka kuingia Luanda kabla ya uhuru wa kesho yake, akapeleka FNLA na askari wa Zaire kwa barabara moja iliyobanwa na vinamasi. Msafara wa namna hiyo hauna pa kutawanyikia. MPLA na Wakuba waliwamiminia roketi: gari moja la kurushia roketi aina ya BM-21 lina mirija 40 ya roketi za milimita 122, na yote humwagwa kwa sekunde 20 hivi. FNLA haikuinuka tena.

Mzee wa Ramani: Kuhusu nyuklia: Agosti 1977 Wasovieti waliona kwa setilaiti mashimo ya Afrika Kusini ya kujaribia bomu la nyuklia jangwani Kalahari, wakawaarifu Wamarekani, na kwa pamoja wakaibana Pretoria hadi jaribio likafutwa. Yaani mahasimu walipigana Angola huku wakipeana taarifa! Hata hivyo Pretoria iliunda mabomu 6 ya urani iliyorutubishwa, ya aina ambayo kipande kimoja hufyatuliwa kigonge kingine. De Klerk alikiri hadharani 1993, yakiwa yameshavunjwa.

Nyangumi: Mbona vita havikuisha baada ya makubaliano ya New York ya kuwaondoa Wakuba Angola na kuipa Namibia uhuru?

Kobe: Waliosaini 22 Desemba 1988 ni Angola, Cuba na Afrika Kusini. UNITA haikuwa mezani, na kiongozi wake Savimbi aliendelea kupigana mpaka alipouawa Februari 2002.