Kikundi cha Ukoo: Sanduku la Babu

Salim: Assalaam aleikum jamaa. Leo tukihamisha vyombo vya nyumba ya Kibokoni tumelikuta sanduku la bati la marehemu Babu chini ya kitanda. Nataka kuwaandikia watoto historia yake. Naanza hivi: "Babu yetu alikuwa daktari wa upasuaji wa jeshi katika vita vya pili, kisha daktari wa Kinango." Sawa?

Shangazi Mwanaisha: Waaleikum salaam mwanangu. Sanduku hilo msilitupe! Lina nini ndani?

Rukia: Shikamoo Shangazi. Koleo tatu ndogo za kubania mishipa, bomba la sindano la kioo na kikebe chake, kijiwe cha kunolea, uzi mweusi, na daftari lililoliwa na mchwa pembeni.

Shangazi Mwanaisha: Marahaba. Kijiwe hicho ni cha sindano. Ilikuwa haitupwi, hunolewa ikachemshwa tena.

Ami Athumani: Salim, futa hayo uliyoandika. Babu hakuwa daktari. Alikuwa dresa, msaidizi wa kufunga majeraha.

Salim: Lakini Ami, Kinango kote walimwita daktari.

Ami Athumani: Walimwita wao, yeye hakujiita. Wapasuaji wa kambi yake kule Bama, yaani Burma, walikuwa maofisa wa Kizungu. Yeye alishika taa, akabana mshipa, akafunga uzi, akakesha na majeruhi. Andika hivyo hivyo, hakuna la kuongeza.

Ami Athumani: Alipanda meli Kilindini 1944, miezi michache baada ya kuzama meli ya Khedive Ismail. Meli ile nayo iliondoka hapa hapa kwenda Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives tarehe 12 Februari. Ilizama kwa dakika kama mbili. Walikufa zaidi ya watu 1,200, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na wauguzi wa kike pia. Wenzake Babu walikuwamo mle. Yeye alipopita njia ile hakulala chini hata usiku mmoja, alikaa sitahani.

Rukia: Mola awarehemu wote. Hilo sikuwahi kulisikia.

Ami Athumani: Hakupenda kulisema. Alilopenda kusimulia ni Bonde la Kabaw, ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikishuka kuelekea mto Chindwin. Mvua, matope hadi magotini, malaria, homa ya vijidudu vya majanini. Kila siku walimezeshwa vidonge vya mepakrini, dawa ya malaria, mbele ya ofisa, ngozi ikawa manjano kama bizari.

Shangazi Mwanaisha: Mimi namkumbuka kwa vidole vyake. Akisikiliza redio alikuwa akifunga fundo kwenye mguu wa kiti, mkono mmoja tu, uzi mweusi huo huo. Anafunga, anakata, anafunga. Mama akilalamika viti vyake vimejaa nyuzi.

Salim: Na Kinango, Shangazi?

Shangazi Mwanaisha: Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Usiku akaletwa mgema aliyejikata paja kwa panga, amebebwa juu ya mlango. Babu akakandamiza kwa ngumi, akaniambia, "Mwanaisha, leta karabai, na usiangalie damu, angalia mikono yangu." Akaubana mshipa kwa koleo, akaufunga. Kisha akaosha, akaosha, akakata nyama iliyokufa. Lakini hakushona! Ndugu zake wakapiga kelele, mbona anamwacha wazi?

Rukia: Mbona kweli?

Shangazi Mwanaisha: Hayo ndiyo aliyoyatoa vitani. Jeraha chafu ukiliziba siku ile unafungia usaha ndani. Unaliacha wazi chini ya shashi, ukiliona safi baada ya siku nne au tano, ndipo unashona. Alfajiri akampakia lori la mkaa hadi feri ya Likoni, aende hospitali, na barua mkononi ya kueleza alilofanya na asiloliweza. Barua hizo aliziandika kwa mkono mzuri sana.

Rukia: Shangazi, yumo kwenye daftari! "Mgema, paja la kushoto. Mshipa umefungwa. Amepelekwa Mombasa. Amerudi, anatembea. Kuku 1, nimemrudishia, ana watoto."

Shangazi Mwanaisha: Subhanallah. Ndiye huyo.

Salim: Nimefuta, Ami. Nimeandika: "Babu yetu alikuwa dresa."

Ami Athumani: Ahsante mwanangu. Kesho baada ya alasiri nakuja. Daftari liweke juu, mbali na mchwa. Koleo zipake mafuta ya cherehani, zisishike kutu.