Tupeane uzoefu: mliochanganya uhandisi ujenzi na usimamizi wa ujenzi chuoni, ilikuwaje?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Niko mwaka wa tatu uhandisi ujenzi hapa Dar, digrii ya miaka minne. Muhula ujao kuna masomo ya hiari, na nataka nafasi zote nijaze ya usimamizi: ukadiriaji, mikataba, upangaji wa kazi. Washkaji wananicheka, eti hayo ni masomo ya kupandishia GPA. Kabla hamjashusha nondo, natoa yangu kwanza.

PT (mafunzo kwa vitendo) ya mwaka wa pili nilipelekwa kijijini, shule inajengwa kwa force akaunti. Hakuna mkandarasi, kamati inanunua vifaa yenyewe na kulipa mafundi. Kufika tu nikaitwa injinia. Siku ya kumwaga sakafu mwalimu mkuu akaniuliza, "Injinia, saruji tuchukue mifuko mingapi?" Chumba mita 9 kwa 7, unene sentimita 10, mchanganyo 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Nikapiga hesabu: mita za ujazo 6.3, gawa kwa saba, zidisha kwa uzito wa saruji. Mifuko 26. Nikaandika kwenye karatasi, sahihi nikaweka.

Saa nane mchana saruji ikaisha, theluthi nzima ya chumba bado kavu. Duka liko mbali na bodaboda inabeba mifuko miwili miwili. Fundi mkuu hakunigombeza. Alikata zege kwa ubao, mstari umenyooka, akanivuta pembeni: "Mdogo wangu, kokoto inameza mchanga, mchanga unameza saruji. Ukichanganya ndoo saba, hupati ndoo saba." Ilitakiwa mifuko 40. Boriti nakokotoa mpaka desimali ya tatu, ila mifuko ya saruji ikanishinda mbele ya kamati nzima.

Haya, wenye uzoefu karibuni.

Binti wa Mirunda
Pole mdogo wangu, sote tumepitia. Mimi nilianza na uhandisi mtupu, usimamizi nikausoma baadaye jioni, natoka saiti na buti za matope moja kwa moja darasani. Shida niliyoiona ni kwamba walimu wa pande hizi mbili kama hawajawahi kunywa chai pamoja. Wa zege anakwambia siku ya 7 zege limefikia kama theluthi mbili ya nguvu ya siku ya 28. Wa ratiba anakwambia kazi ikichelewa, bana siku za shughuli zinazobeba mradi. Sasa shughuli inayobeba mradi ikiwa ni hilo hilo zege kukomaa? Hapo kila mmoja anakunja vitabu vyake.

Likanikuta kweli. Ghorofa tatu, bosi anataka mirunda ing'olewe siku ya 8, maana alishaipangia jengo lingine. Kumwambia "haijuzu kihandisi" ni sawa na kumpigia mbuzi gitaa. Nikakaa usiku nikachora ratiba upya: mafundi tofali wakahamia ukuta wa uzio, wengine shimo la maji taka, kazi tulizokuwa tumeziweka mwisho kabisa. Mirunda ikakaa chini ya slabu wiki mbili zaidi na tarehe ya kukabidhi haikusogea. Alinuna, lakini alisaini.

Ushauri wangu: upangaji wa kazi uchukue muhula ule ule unaosoma usanifu wa zege. Ukiyatenganisha mwaka mzima, utakuwa na madaftari mawili yasiyojuana.

Nukta Nane Nane Nane
Mimi ni mkadiriaji majenzi, zao la Chuo Kikuu Ardhi, kwa hiyo nimeingilia mlango wa nyuma. Jina langu humu ni uzito wa nondo ya milimita 12, kilo 0.888 kwa mita. (Kipenyo mara kipenyo, gawa kwa 162. Likariri hilo hata ukisahau mengine yote.) Kwenye BOQ (orodha ya vifaa na kazi za mradi) nondo ni kilo, dukani ni vipande. Kipande cha mita 12 kinatakiwa kucheza kwenye kilo 10.7. Kuna mzigo uliletwa nikaupitisha kwa kuhesabu vipande tu, kama machungwa. Injinia akachukua kimoja akakipeleka kwenye mizani ya mnunua chuma chakavu jirani: kilo 9 na ushee. Rangi iliyopakwa mwishoni inasema 12, mizani inasema hapana. Tangu siku hiyo michoro ya nondo nafundishwa na mainjinia, nawalipa kwa soda.

Logibuku
Mimi napinga kidogo. Changanya masomo ya hiari, sawa, ila usibadili jina la digrii. Bodi ni tofauti: ERB wanasajili wahandisi, wakadiriaji majenzi wako AQRB, makandarasi wana CRB yao. Ukimaliza utaingia SEAP, mpango wa mafunzo kazini kwa wahandisi wahitimu, miaka mitatu ya kujaza logibuku (daftari la kazi za kila siku) chini ya mhandisi mlezi. Hapo hawaulizi kama unajua mikataba, wanauliza umefanya kazi gani ya kihandisi. Rafiki yangu alihama kozi mwaka wa pili kwa kukimbia sapu (mtihani wa marudio) ya haidroliki. Kazi anayo na analipwa vizuri tu, ila barua zinazohitaji mhuri wa mhandisi anazipeleka kwa mtu mwingine.

Mdau wa Juja
Huku Kenya usimamizi wa ujenzi ni digrii inayojitegemea, JKUAT wanayo. Nimeisoma. Logibuku hajakosea kuhusu mhuri, sisi pia EBK ni ya wahandisi. Lakini mikutano ya saiti naiongoza mimi, na mainjinia wanasubiri nimalize.

Mleta mada
Asanteni wakuu. Dada wa Mirunda, nimefuata ushauri, zege na ratiba ni muhula mmoja. Vinagongana Jumanne saa nne, nitajua pa kukaa.

Halafu Jumamosi nilipita saiti moja karibu na hosteli nikaomba ndoo. Moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, maji kiasi. Tukachanganya, nikairudisha kwenye ndoo ile ile nikihesabu.

Zimetoka nne na nusu, na kidogo kikabaki kwenye koleo.