Kuzunguka Iceland kwa gari mwisho wa Agosti: wanaoijua njia wanisaidie

Furaha wa Himbi

Wandugu, jambo yenu.

Mimi ni wa Goma, Himbi. Kwa sasa niko Reykjavík kwenye yale mafunzo ya miezi sita ya jotoardhi ambayo Iceland imekuwa ikiyatoa kwa watu wa nchi zetu tangu 1979. Mwisho wa Agosti tutapata mapumziko ya wiki moja na kidogo. Mimi na wenzangu wawili, mmoja Mkenya wa Naivasha na mwingine wa Djibouti, tunataka kukodi gari tuzunguke kisiwa chote kwa Barabara namba 1.

Nimekaa na ramani. Mzunguko mzima ni kilomita 1,320 hivi, na tangu 2019 ni lami kote. Mwenzangu wa Naivasha amepiga hesabu yake: siku tatu tumemaliza, zinazobaki twende kwenye volkano ya Askja kule ndani, kisha fjordi za magharibi, zile ghuba nyembamba kati ya milima. Mimi roho inasita. Goma hadi Bukavu kwa njia ya Minova ni kama kilomita 200 na siku nzima inaisha, kwa hiyo barabara ya kwenye karatasi siiamini.

Sitafuti picha za maporomoko. Mwaka 2002, lava ya Nyiragongo ilipoukata mji wetu hadi ziwani, nilikuwa mtoto, mama amenishika mkono tunaelekea Gisenyi. Mwaka 2021 ilikuwa zamu yangu kumshika yeye. Nataka kuona watu wengine waliojenga juu ya volkano wanaishi nayo namna gani.

Tukodi gari la aina gani? Tuanzie upande upi? Na Askja inafikika kwa gari la kukodi, au niliache wazo hilo?

Mwalimu wa Kadutu

Dada Furaha, kabla ya volkano anza na makaratasi. Mdogo wangu anayekaa Liège alikwenda huko na familia yake. Kampuni za magari zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, kwa sababu dhamana ya gari inazuiwa humo. Kadi ya kawaida ya benki mara nyingi wanaikataa. Ulizeni hilo mapema, msije mkasimama kaunta na mizigo yenu. Na permi ya udereva ya kimataifa iende pamoja na ile ya Kongo.

Sisi wa Bukavu tunawaombea njia njema.

Yaya Bahati, Katindo

Mdogo wangu Furaha, nilipita kwenye mafunzo hayohayo, na kazi yangu hapa nyumbani ni ya kuzunguka na magari ya utafiti upande wa Rutshuru na Masisi. Nakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako nililibeba mimi pia.

Hesabu ya Naivasha iwekeni pembeni. Huko unayemsikiliza ni upepo. Sisi tumezoea mvua, vumbi na mawe makali yanayokula tairi, lakini upepo wa kufunga barabara hatuna. Unaamka Vík jua linawaka, na mbele yako barabara imefungwa hadi jioni kwa sababu mchanga mweusi wa Skeiðarársandur unaruka na kukwangua rangi ya magari hadi bati. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari, fungua umferdin.is uone hali ya barabara na vedur.is uone hali ya hewa. Ukikuta barabara imefungwa, unabaki ulipo, unakunywa chai. Kwa hiyo acheni siku mbili zisizopangiwa kitu. Mkizikosa, mtajikuta mnaendesha siku ambayo wenyeji wameegesha.

Tukiwa kwenye upepo, mlango wa gari. Egesha pua ya gari ikitazama upepo unakotoka. Teremsha kioo kidogo, mkono mmoja ushike fremu ya mlango kwa juu, mwingine ushike kitasa, ndipo usukume polepole, na milango isifunguliwe miwili kwa pamoja. Nilikuwa ndani ya gari mwenzetu alipofungua kama anavyofungua akifika nyumbani. Upepo ukaunyakua, mlango ukarudi nyuma hadi ukagonga bodi karibu na tairi la mbele, bawaba zikapinda, haukufunga tena. Tulirudi Reykjavík tumeufunga kwa kamba, baridi inatuchapa masikioni. Kampuni ilimtoza mlango mzima, kwa sababu asiransi (bima) nyingi hazilipi mlango uliovunjwa na upepo. Asiransi ya kokoto ichukueni, na ya mchanga na majivu pia. Ukianzia kusini utaihitaji.

Gari: kwa Barabara namba 1 peke yake, mwisho wa Agosti, gari dogo linatosha. Askja ni habari nyingine, nitairudia.

Anzeni kusini. Reykjavík hadi Vík ni kilomita 190 hivi. Pale Reynisfjara, ufuo wa mchanga mweusi, kuna mawimbi yanayokuja bila kutangulia na kumvuta mtu. Watu wamekufa pale. Taa ya tahadhari ikiwa nyekundu msikanyage, na hata bahari ikionekana imelala msiipe mgongo. Wewe umekulia kando ya Kivu, maji yaliyotulia yanakufanya ujisahau.

Vík hadi Höfn ni kilomita 270, nanyi zipeni siku nzima. Mtapita juu ya lava ya volkano ya Laki, iliyolipuka 1783 na kuendelea hadi 1784. Gesi zake zilitia fluorini kwenye majani, mifugo ikafa, njaa ikafuata, na karibu mtu mmoja kati ya watano wa Iceland akapotea. Leo lava hiyo imefunikwa na kuvumwani nene ya kijani, laini. Usiikanyage, maana alama ya kiatu inakaa miaka mingi, na kutoa gari nje ya barabara ni kosa la sheria lenye faini kubwa. Karibu na Skaftafell simameni kwenye vyuma vya daraja vilivyojikunja kando ya barabara. Mwaka 1996 volkano ililipuka chini ya barafu ya Vatnajökull, maji yakakusanyika juu huko, na mwezi wa kumi na moja yakashuka yote kwa pamoja, yakabeba madaraja. Vyuma hivyo ni vinene kuliko kifua cha mtu. Sisi tumeona moto unavyofanya kwa mji. Hapo mtaona kazi ya maji yaliyoyeyushwa na moto huohuo.

Sasa lile lililo moyoni mwangu. Wengi wanaozunguka kisiwa hupita Heimaey bila kugeuza shingo, kwa kuwa haiko barabarani, ni kisiwa kidogo baharini upande wa kusini. Wewe wa Himbi usiiache hata kama itabidi uache kitu kingine.

Usiku wa tarehe 23 mwezi wa kwanza 1973, kama saa nane, ardhi ilipasuka pembeni mwa mji wa Heimaey. Hakuna aliyekuwa ameonywa. Siku iliyotangulia bahari ilichafuka, kwa hiyo mashua za uvuvi zote zilikuwa zimelala bandarini, na ndizo zilizobeba watu karibu 5,300 hadi asubuhi. Nyumba mamia zilizikwa na majivu au kumezwa na lava. Halafu lava ikaelekea mdomo wa bandari. Bandari ikizibwa, mji umekufa, maana watu wale wanaishi kwa samaki. Wakaleta pampu, wakaimwagia lava maji ya bahari, wiki baada ya wiki, hadi ikagandia hapo. Bandari ikapona.

Na kuna mazuku, ile gesi nzito isiyoonekana inayoua watu mabondeni kwetu! Gesi ilijikusanya kwenye vyumba vya chini na mabonde ya mji, na mtu mmoja alikufa kwa ajili yake. Niliposoma maelezo hayo katika makumbusho ya Eldheimar, ambayo ndani yake kuna nyumba iliyofukuliwa kutoka kwenye majivu, nilitamani mama zetu wa Bulengo, kule kando ya Goma, wangekuwa pale, waone kwamba wengine nao waliiogopa gesi ya mabondeni.

Mlipuko uliisha mwezi wa saba. Watu wengi wakarudi, wakafagia majivu kwenye mapaa, na kwa miaka kadhaa wakapasha nyumba zao kwa joto la lava ileile iliyowafukuza. Wewe unasomea jotoardhi, Furaha. Somo lenu liko pale mtaani, kati ya nyumba za watu.

Furaha wa Himbi

Yaya, aksanti sana. Nimewasomea wenzangu kwa sauti, na yule wa Naivasha ameikunja ramani yake. Heimaey imeingia. Lakini Askja bado inanivuta. Tukikodi gari la magurudumu manne, wanatuambia sheria inaruhusu njia zile za ndani zenye herufi F. Mito haina madaraja. Mnasemaje?

Dereva wa Katuba

Dada, mimi niko Lubumbashi, nimeendesha Land Cruiser njia za Kolwezi na zaidi, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Iceland siijui ila mto naujua. Nakupa ya kwangu, Yaya Bahati ataongeza.

Mahali penye maji yaliyotulia na membamba ndipo penye kina. Tafuta palipo pana, maji yanachezacheza juu ya mawe. Gari moja peke yake halivuki, liwepo la pili la kulivuta. Gia ya chini kabla ya kugusa maji, usibadilishe katikati, na usisimame. Kama tundu la injini la kuvuta hewa liko chini kama kwenye vigari vya kisasa, maji yakiingia humo injini imekwisha pale pale. Na mto ambao rangi yake inakuficha chini, mimi siingii hata kama bosi ananipigia simu.

Nauliza: hiyo mito ya barafu inajaa saa ngapi?

Yaya Bahati, Katindo

Kaka wa Katuba, umegusa penyewe. Mto wa barafu hujaa mchana na jioni, jua likishayeyusha barafu juu. Asubuhi mapema ndipo unapungua. Maji yake ni meupe kama ya kuoshea mchele, chini huoni kitu. Mnavuka asubuhi vizuri, mkirudi jioni mnakuta mto mwingine. Na asiransi ya gari la kukodi kwa kawaida hailipi madhara ya maji, hata ukodi jeep ya bei gani.

Furaha, ushauri wangu ni huu: Askja nendeni, lakini si kwa usukani wenu. Laleni Mývatn, kwenye ziwa la kaskazini, usiku mbili. Kutoka pale huondoka magari makubwa ya wenyeji, yenye matairi yanayonifika kiunoni, yanakwenda na kurudi siku moja, na dereva anaijua mito kama kaka yetu anavyoijua ya Katanga. Wana-anga wa Apollo walipelekwa kule kufanya mazoezi, 1965 na 1967, na ukifika utaelewa kwa nini: pomisi, yale mawe mepesi ya volkano, na mawe mengine, jani hakuna. Mlipuko wake wa 1875 uliwafukuza wakulima wengi wa mashariki hadi Amerika.

Siku ya pili ya Mývatn ni ya Krafla, volkano iliyo karibu na hapo. Tembeeni Leirhnjúkur juu ya lava ya 1984, ambayo bado inatoa mvuke, na msitoke kwenye njia iliyowekwa alama. Krafla ndipo mwaka 2009 walipokuwa wakichimba kisima cha mvuke, na walipofika kina cha kilomita 2.1 wakakutana na magma yenyewe. Mwambie mwenzako wa Naivasha, mtu wa Olkaria, kwenye visima vyao vya jotoardhi, hawezi kupita pale bila kuuliza maswali.

Fjordi za magharibi acheni. Ni nzuri, lakini zinataka wiki yao peke yao, na nyie mmeshajaa.

Madogo ya njiani: jazeni esansi Egilsstaðir, maana hadi Mývatn kuna kilomita 165 tupu. Pampu nyingi hazina mtu, zinataka kadi yenye namba ya siri. Taa za gari ziwake mchana na usiku, ni sheria. Kwenye daraja la gari moja, aliyefika karibu kwanza ndiye anayepita. Kondoo wako huru hadi mwezi wa tisa, na mama akiwa upande huu na mtoto upande ule, punguza mwendo, watavuka tu. Kulala ndani ya gari popote hairuhusiwi, tafuteni kambi. Mji wowote wenye samaki waliokaushwa, nunueni na siagi. Ukila utakumbuka sambaza, samaki wetu wadogo wa Kivu.

Mwalimu wa Kadutu

Yaya Bahati, swali la mwisho kwa faida ya wote: kwenda Heimaey gari linapanda meli?

Yaya Bahati, Katindo

Linapanda, ila kwao halihitajiki, kisiwa kinatembeka kwa miguu, hadi juu ya Eldfell yenyewe. Waliache bandarini Landeyjahöfn na wanunue tiketi mapema kwa mtandao. Kuvuka ni kama dakika 40. Furaha, usiku wa kuamkia safari angalia tangazo la meli: bahari ikichafuka haiondokei Landeyjahöfn, inaondokea Þorlákshöfn, na hapo safari inakuwa ya karibu saa tatu. Ikitokea hivyo, tumieni moja ya zile siku mbili za ziada, mngojee bahari itulie.

Furaha wa Himbi

Imeandikwa: Heimaey mwanzoni, Mývatn usiku mbili, Askja na gari la wenyeji, siku mbili wazi. Kadi ya mkopo anayo Mkenya, kwa hiyo dereva ni yeye, na mlango wa upande wangu nitaushika mimi. Nikirudi nitaleta picha za Eldheimar, hasa zile za mazuku, niwaonyeshe majirani wa Himbi.