Kampuni za ushauri Mombasa: ofisini mfanyakazi, kwenye mkataba "mshauri wa kujitegemea"

Wanajamvi, yamenifika hapa kooni, kwa hiyo nikifoka mnivumilie.

Niko kampuni moja ya ushauri huku Nyali, jina silitaji. Saa mbili asubuhi niwe nishaingia. Nikitaka kwenda hospitali naomba ruhusa. Kompyuta yao, meza yao, na foleni ya barabarani ikinichelewesha nasemwa mbele za watu. Lakini mwisho wa mwezi natakiwa niwaandikie invoisi, eti mimi ni mshauri wa kujitegemea! Kujitegemea gani huko, na hata kwenda kula naaga?

Ujanja wao ni huu. Wakishanikata 5% ya kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla pesa haijakufikia, wamenawa mikono. NSSF ya uzeeni hakuna. SHIF ya matibabu nijitafutie. Likizo usiitaje, ilhali Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za kazi zenye malipo kila mwaka. Na vijana wengi hili hawalijui: hiyo 5% si kodi yote. Ritani, yaani taarifa ya mapato yako ya mwaka uliopita, inatakiwa kabla Juni haijaisha, na ukijumlisha mapato ya mwaka mzima, salio ni lako wewe na KRA, watu wa kodi. Mwenzangu alidhani kamalizana na serikali. Alipofungua iTax, mtandao wao wa kodi, akaona anachodaiwa, siku ile hata biriani ya Ijumaa hakuigusa.

Hata hiyo invoisi yenyewe hailipwi kwa wakati. "Mteja hajalipa." Mteja ni kaunti, na kaunti zetu na madeni mnazijua. Sasa mwenye nyumba wangu Kisauni nimwambie asubiri kaunti?

Kinachoniuma zaidi ni tenda. Wanapachika CV ya daktari fulani (wa PhD, si wa hospitali) mwenye uzoefu wa kutisha, alama zinapatikana, kazi inapatikana, na daktari humuoni tena. Tunaozunguka Kinango na Lunga Lunga na simu za kukusanya data, jua la saa saba, nyumba kwa nyumba, ni sisi. Kuna mama kule Samburu ya Kwale aliniuliza, "Mwanangu, mwaka jana walikuja wenzio wakaniuliza haya haya. Hayo maji yako wapi?" Nikajifanya naangalia simu. Ripoti tukaiandika sisi, usiku, na kwenye jalada jina ni la daktari.

Mazuri yapo, sikatai. Hapa nimejifunza kusoma bajeti ya kaunti, kuandika tenda, kumhoji meneja wa hoteli asubuhi na mvuvi jioni. Benki isingenifunza hayo hata kwa miaka kumi. CV inanona, na watu wazito unawajua kwa majina. Ndiyo maana tunavumilia, na wenye kampuni wanalijua hilo vizuri sana. Ukiuliza habari ya mkataba, dada wa HR anakutazama: "Mbona wengine hawalalamiki?"

Nijuavyo, Mahakama ya Ajira haidanganywi na kichwa cha mkataba, inatazama kazi inavyofanywa, na una miaka 3 ya kudai. Sasa mliopita njia hii: mlishtaki mkiwa bado ndani, au mlitoka kwanza? Na zile barua pepe za kuitwa kazini Jumamosi mlizihifadhi vipi kabla akaunti haijafungwa?

Wale wa "kama huitaki acha", tafadhalini, piteni uzi mwingine.