Straika bonge: Akinfenwa aliwezaje kucheza mpaka miaka 40?

Bonge wa Ilomba
Wakuu, habari za jioni. Nacheza namba tisa kwenye timu ya mtaa hapa Mbeya, uzito kilo 98. Tumepata kocha mpya. Mazoezi ya kwanza tu kanipandisha na kunishusha kwa macho, kisha akanirushia kizibao cha mabeki. Eti mwili huu ni wa kuokoa kona. Sasa Adebayo Akinfenwa wa Wycombe alikuwa na zaidi ya kilo 100 na alifunga Uingereza miaka nenda rudi. Aliwezaje? Au ligi za chini za kule ni laini?

Kyela Mchele
Kaka, punguza wali kwanza, halafu ndiyo uje kutuuliza 😂

Daluga la Zamani
Ugonile, mdogo wangu. Nilikuwa straika enzi ambazo timu ikienda ugenini inalala darasani, siku hizi nanoa vijana Uyole. Laini? Thubutu. Ligi za chini za kule beki anakuja na kiwiko kabla ya salamu.

Huyo jamaa ni mtoto wa London, lakini ukubwani alianzia Lithuania, FK Atlantas. Mashabiki walimzomea kwa rangi yake. Akakaza, mwaka 2001 wakabeba kombe la nchi. Aliporudi akawa mtu wa kuhamahama: Torquay, Swansea, Northampton mara mbili, Gillingham mara mbili. Ligi Kuu hakuigusa kabisa.

Klipu zake za video zirudie, ila magoli achana nayo. Mtazame mpira ukiwa bado hewani. Anageuza shingo mara moja, anamtafuta beki kwa mgongo, anamwekea makalio pajani. Beki akitaka kuruka, hana pa kurukia. Mpira unatua kifuani, unashuka, mguso mmoja kwa winga anayepita. Yeye hakimbizani na mtu, wenzake ndio wanaomzunguka mbio. Vibonge wetu wengi wanasubiri mpira ufike ndipo waanze kusukumana, refa anapuliza, halafu wanalalamika wanaonewa.

Januari 2015 akiwa AFC Wimbledon aliifunga Liverpool kwenye Kombe la FA. Kona, purukushani, mguu wake ukawahi. Wimbledon walilala 2-1, Gerrard, nahodha wa Liverpool, kafunga yote mawili.

2016 mkataba wake Wimbledon ukaisha, umri 34. Wengine hapo wanafungua duka. Wycombe wakamchukua, kocha Gareth Ainsworth akakubali kucheza mipira ya kumtafuta yeye. Wakapanda daraja 2018, wakapanda tena 2020 hadi Championship, ligi iliyo chini tu ya Ligi Kuu, mara ya kwanza katika historia ya klabu. Klopp, kocha wa Liverpool wakati huo, akamtumia video ya pongezi, maana jamaa ni Liverpool damu. Alistaafu 2022.

Kwa hiyo swali la kumuuliza kocha wako ni moja: krosi zitakuja?

Mama Sokoine
Shikamoo kaka Daluga. Ila tusimjaze kijana upepo. Kocha ana hoja. Hapa tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, pumzi yenyewe ya kukopa, na Machi uwanja wetu ni jaruba. Kilo 98 kwenye tope lile, ukigeuka goti linabaki. Mimi ningetaka kujua kwanza dakika ya 60 anakuwa wapi.

Bonge wa Ilomba
Dakika ya 60 nakuwa nimeshika kiuno, mama, sikufichi.

Daluga la Zamani
Marahaba, dada. Hilo la pumzi nakubali, la namba sikubali. Akinfenwa mwenyewe miaka ya mwisho alitokea sana benchi. Bonge, mwombe kocha nusu saa ya mwisho, mabeki wakiwa wamechoka. Na mtafute winga wako wa kulia leo hii, mkubaliane apige krosi mapema, asisubiri kufika kwenye kibendera.

Bonge wa Ilomba
Winga wa kulia ni mtoto wa kocha.

Kyela Mchele
Basi mnunulie soda 😂