Mashua tupu inarudi ufukweni: nifungueje filamu ya taharuki kwa sekunde 90?

NyasiZaZiwa (Kisumu)
Wakuu, hamjambo? Naomba ushauri. Filamu fupi ya dakika 14, tutapigia Usenge, kando ya Ziwa Victoria. Ufunguzi ni usiku: mashua ya omena (dagaa wa ziwani) inaelea kuja ufukweni, taa inawaka, ndani hamna mtu. Mke wa mvuvi anangoja. Mswada unaanza na ngoma nzito, kisha mkono unakata kamba, kisha mashua, kisha mama anapiga mayowe. Yote yapo, ila ukisoma husisimki. Nipange vipi? Kamera moja, lenzi za milimita 35 na 85, na kinasa sauti.

Mkasi_Nakuru
Ndugu, tatizo ni nani anajua nini, na lini. Ukionyesha mkono, mtazamaji anajua kabla ya mama. Hiyo ni taharuki, nayo inadai muda, maana lazima mama aendelee na shughuli zake huku sisi tukimhofia. Orson Welles alifungua filamu yake *Touch of Evil* (1958) kwa bomu linalotegwa na kuwekwa kwenye buti ya gari, kisha kamera ikalifuata gari zaidi ya dakika tatu bila kukata. Wewe huna dakika tatu. Toa mkono, baki na fumbo: tujue kiasi kile kile anachojua mama.

Anza naye. Sekunde 25, anapanga mabeseni, na nyuma yake taa za wavuvi ni madoa tu yaliyofifia. Moja inasogea, yeye haoni. Sekunde 12: anainua kichwa, anaitambua taa, anamimina chai kikombe cha pili. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Bila kikombe hicho hakuna anachongojea, na mashua tupu itakuwa mashua tu. Sekunde 18: mashua kwa lenzi ya 85, hakuna mlio wa kasia. Sekunde 8: tabasamu linapungua. Sekunde 20 ndani ya mashua: patapata (ndara) moja, na wavu mkavu uliokunjwa vizuri. Mtu aliyeondoka jioni kuvua, wavu mkavu! Usieleze. Sekunde 7 za jina la filamu. Mayowe futa.

SautiYaUsiku
Naunga mkono, na ngoma pia ifutwe. Inamwamuru mtu aogope kabla hajapewa sababu. Rekodi vyura, mawimbi na mabeseni kila kimoja peke yake, 48 kHz, biti 24, vilele vya sauti visizidi -12 dB, pamoja na dakika nzima ya ukimya wa pale pale ufukweni. Nusu sekunde kabla tabasamu halijaanza kupungua (kama fremu 12 ukipiga 25 kwa sekunde), kata vyura ghafla. Usiwafifishe. Chura hunyamaza ghafla kitu kikikaribia, kwa hiyo sikio la mtu wa ziwani litaamini.

Ukitaka mvumo wa chini, kumbuka wengi watatazama kwa simu, na spika ya simu haitoi 50 Hz. Weka nakala yake kati ya 150 na 300 Hz, kwa sauti ndogo. Kinasa kivishe manyoya ya kuzuia upepo.

Mkasi_Nakuru
Mie ningebakiza pigo moja la ngoma, jina linapotokea. Moja tu.

TaaNaKivuli (Kakamega)
Shoti ya mashua usiipige kwenye giza totoro, maji na anga vitakuwa weusi mmoja. Huku kwetu jua huzama karibu saa moja kasorobo, na buluu nzuri hukaa kama dakika 20 tu. Utapata mara mbili, tatu, basi. Mazoezi yaanze saa kumi na moja. Mizani ya rangi ya kamera (white balance) weka 3200K, kipimo cha mwanga chukua kwenye taa, si kwenye maji, na uifunike taa kwa karatasi nyembamba isichome picha.

Shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa 50 Hz, balbu hupwita mara 100 kwa sekunde. Ukiweka 1/60, taa za dukani nyuma zinaweza kuleta mistari inayotembea. Taa za sola nyingine hupwita kivyake, zijaribu mapema.

Madoa ya taa nyuma ya mama yapige usiku usio na mwezi, maana mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa omena hawatoki. Halafu Aprili hadi Julai kwa kawaida ni msimu wa kufunga uvuvi wa omena. Angalia kalenda kabla ya kulipa watu.

NyasiZaZiwa
Asanteni sana. Na mashua itasogeaje bila mtu?

TaaNaKivuli
Kamba nyeusi ya nailoni, mita 40, ifungwe mbele chini ya usawa wa maji, watu wawili waivute nje ya picha, kama nusu mita kwa sekunde. Kamba ikikazwa hupanda juu na kumetameta, kwa hiyo ning'iniza jiwe la nusu kilo mita mbili kutoka mashuani. Ifunge pembeni kidogo, si katikati kabisa, ndipo mashua iende upogo kama isiyo na nahodha.

Omera, asiingie mtu majini gizani kurekebisha kamba, viboko hawajui kama mnapiga filamu. Ongea na kamati ya ufuo, BMU, mapema. Wao ndio wanajua viboko hupandia wapi. Leseni ya kupiga filamu nayo iwe mkononi kabla hujakodi mashua.